Siku na kidato cha tatu: alama ya X inapozama

Saa 12:40 asubuhi. Nafungua madirisha yote ya maabara. Leo tunapima kasi ya mmenyuko wa kemikali, na mchanganyiko huu hutoa salfa dayoksaidi, gesi inayowasha koo. Mwenye pumu nitamweka mlangoni.

Saa 1:30. Nayeyusha sodiamu thaiosalfeti, kisha nusu yake naizimua kwa maji kiasi kilekile. Maji ya moto nimetoka nayo nyumbani kwenye chupa ya chai, gesi ya maabara imekwisha.

Saa 3:00. Kila kundi wanachora X kwenye karatasi, wanaweka bika juu yake, wanamimina asidi ya haidrokloriki. Salfa inajitenga, maji yanakuwa meupe kama tui, kisha ya njano, na X inazama. Napenda ule ukimya wao wakiinamia bika. Sekunde 34. Iliyozimuliwa, sekunde 70. Iliyopashwa moto hadi nyuzi 40, sekunde 16! Chembe zikijazana hugongana mara nyingi. Zikipata joto, nyingi zaidi huwa na nguvu ya kutosha kuvunja vifungo vyake na kuunda vipya. Hilo wanalielewa wenyewe, mimi nauliza tu.

Saa 5:00. Chai na mihogo.

Saa 5:40. Msawazo, yaani mmenyuko unapokwenda mbele na kurudi nyuma kwa kasi ileile. Nawaeleza amonia, inayotengenezewa mbolea ya urea wanayoiona mashambani kwao: naitrojeni na haidrojeni, chuma kama kichocheo, joto la nyuzi 400 hadi 500, shinikizo kubwa. Binti wa nyuma ananyoosha mkono: “Mwalimu, kama chuma kinaharakisha, si amonia itakuwa nyingi?”

Swali zuri mno. Nachora basi kituoni. Kila anaposhuka mmoja, anapanda mmoja; idadi ndani haibadiliki, ingawa watu hawatulii. Ukifungua mlango wa pili, kupanda kunaharakishwa, kushuka pia. Idadi ni ileile, ila basi linaifikia mapema. Kinachoongeza amonia ni shinikizo, maana molekuli nne za gesi hubaki mbili. Kupunguza joto nako huiongeza, lakini mmenyuko unazorota, ndiyo maana viwanda hukubali joto la kati.

Saa 9:30 alasiri. Nasugua bika, salfa imeganda pembeni.

Saa 2:00 usiku. Nasahihisha. Kati ya madaftari 41, 18 yameandika kwamba kichocheo huongeza amonia. Kesho nitaanza na basi, na safari hii wanafunzi ndio watakaokuwa abiria.