Nilivyoacha kunyamaza ndani ya boti

"Usitutabirie mabaya, mama." Hilo ndilo jibu nililopewa miaka yote kila nilipoitilia shaka boti pale Kibirizi, Kigoma, kwenye Ziwa Tanganyika. Ni ushauri mbaya, na nusura unizamishe.

Napeleka unga na sukari Mwamgongo, ukishapita Gombe, narudi na dagaa. Kuanzia Mei hadi Agosti upepo wa kusini huwa mkali. Ukielekea kaskazini unakusukuma, watu wanafurahi boti inakimbia. Lakini mawimbi nayo yanakufuata nyuma, na boti iliyolemewa hainyanyuki, yanaingilia tezini, sehemu ya nyuma ya boti.

Julai ile nilikuwa nimeshakaa, magoti kifuani, na sementi bado inapakiwa. Nikapaza sauti katikati ya watu, "Jamani, imejaa hii!" Kijana wa injini akanijibu, "Kama unaogopa maji, mama, kaa nyumbani uchambue dagaa." Boti nzima ikacheka. Nikaona aibu, nikanyamaza. Tulipopita Mtanga wimbi la kwanza likanilowesha mgongo, la pili likatufika kwenye vifundo vya miguu. Tulichota kwa ndoo, kwa sufuria, dada mmoja akichota kwa kiatu cha mwanawe. Sukari yangu ikageuka uji. Mzee aliyekaa ubavuni mwangu akaninong'oneza huku anachota, "Hata mimi niliona tangu tukiwa mchangani."

Maneno yale yaliniuma kuliko hasara. Nilipowauliza wenzangu baadaye, kila mmoja alikuwa ameona, na kila mmoja alidhani wenzake wameridhika.

Basi nikabadili namna. Kugombana na nahodha mbele ya abiria hakufai, atajitetea tu. Nikaanza na akina mama wa unga na dagaa, tukiwa bado mchangani, mizigo haijapanda, na muhimu zaidi, nauli haijatoka mfukoni. Niliwakumbusha kivuko cha MV Nyerere kilichozama Septemba 2018 pale Ukara, Ziwa Victoria: watu zaidi ya 220 walikufa, na nchi kavu ilikuwa inaonekana. Tukakubaliana mmoja wetu akisema "sijaridhika", wote tunashuka, na hatumuulizi sababu. Hata akiwa binti aliyeanza biashara juzi.

Kipimo nilikibuni mwenyewe. Naegemeza kiwiko kwenye ukingo wa boti, mkono unaning'inia nje. Vidole vikigusa maji kabla injini haijawashwa, mzigo umezidi. Nahodha hawezi kubishana na mkono uliolowa. Na simwambii "umejaza". Namuita pembeni namuuliza, "Baba, wimbi likija nyuma, tutatupa mzigo wa nani kwanza?" Mara nyingi anatazama tezi kabla hajanijibu. Jaketi okozi nimenunua langu, nalivaa tangu nchi kavu, silikalii kama mto.

Mara ya kwanza tuliposhuka tulikuwa wanawake kumi na moja. Tulitukanwa, boti ikasimama nusu saa bila nauli zetu, kisha mifuko sita ya sementi ikarudishwa mchangani. Nilitetemeka hadi tunafika Mwamgongo, ila nguo zangu zilikuwa kavu.

Mwaka huu yule kijana wa injini ndiye nahodha. Wiki iliyopita, kabla hajawasha, aliniita mbele ya abiria wote: "Mama, njoo uweke mkono."