Toa hesabu ya uwakili wako: mji unapofunga mwaka

Masomo: Nehemia 2:11–16, 2 Wafalme 12:4–15

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Mwaka unapoisha, viongozi wa miji husoma taarifa zao. Meya hutaja kilomita za lami, visima, madarasa na taa za barabarani, na watu hupiga makofi. Nyuma ya taarifa hiyo wapo waumini wenzetu: wahasibu, wahandisi, madiwani, maofisa mipango. Tafakari ya juma hili ni yao kwanza, kisha ni ya sisi tunaokaa kwenye viti na kusikiliza.

Nehemia alipofika Yerusalemu hakuanza na hotuba. Alikaa siku tatu, kisha akatoka usiku na watu wachache, na mnyama mmoja tu aliyempanda yeye. Akapita lango la bonde, akafika lango la jaa, akitazama kuta zilizobomoka na malango yaliyoteketea. Alipokaribia birika la mfalme, mnyama akakosa nafasi ya kupita. Ameandika hivyo hivyo, bila kupamba. Taarifa ya kwamba mji ni magofu alikuwa nayo tangu Shushani, mji wa Uajemi alikotoka, na aliililia. Usiku ule akapata kitu kingine: akajua njia imezibika wapi hasa, kwa sababu alikwama pale.

Taarifa ya mji unaokua huharibikia hapo hapo, kwenye kipimo. Tuchukue mfano. Mji una watu 400,000, na kati yao 240,000 wanapata maji ya bomba, yaani asilimia 60. Mwaka mzima kazi imefanyika kweli, na watu 10,000 zaidi wameunganishwa. Lakini mji umekua kwa asilimia 5, sasa una watu 420,000. Waliofikiwa ni 250,000, yaani asilimia 59.5. Tarakimu zote mbili ni za kweli: 10,000 wapya ni kweli, na mji kurudi nyuma ni kweli. Meya akisoma ya kwanza na kuiacha ya pili, hajasema uongo hata neno moja, na bado watu wameondoka na picha isiyo kweli. Waliokosa maji walikuwa 160,000, sasa ni 170,000. Mji unaokua kwa kasi hiyo huongezeka mara mbili katika miaka 14 hivi, kwa hiyo mwenye kutoa hesabu hana budi kuweka idadi ya watu wa mwaka huo pembeni ya kila tarakimu anayoisoma.

Bomba lenyewe nalo liulizwe linatoa maji saa ngapi kwa siku. Bomba linalotoa maji kwa muda wa saa mbili tu usiku wa manane huhesabiwa kwenye taarifa sawasawa na lile linalotoa mchana kutwa. Kisha chukua mita ya kwenye chanzo, soma kiasi kilichozalishwa mwaka mzima, utoe kiasi kilichotozwa bili. Tofauti ni maji yaliyovuja ardhini, yaliyoibwa, au yaliyopita kwenye mita mbovu. Kununua pampu kubwa kabla ya kuijua tofauti hiyo ni kutwanga maji kwenye kinu: msukumo ukipanda, mabomba yaliyochoka huvuja zaidi.

Sasa tuinamie mtaro wa maji ya mvua, maana hapo uaminifu huonekana kwa macho. Kazi hufanywa kabla ya msimu wa mvua, kuanzia chini maji yanakoishia, kupanda kuelekea juu. Ukianzia juu, maji unayoyafungulia yatakutana na kizibo huko chini na kuingia kwenye nyumba za watu wa bondeni. Tope likishatolewa huwekwa ukingoni lichuje maji, kisha hupakiwa na kupelekwa mbali. Hatua hii ya mwisho ndiyo huachwa, kwa kuwa lori halikuwekwa kwenye bajeti, au mafuta yamekwisha. Lundo linabaki ukingoni, limekauka juu, watu wanalikanyaga. Mvua ya kwanza inalirudisha lote mtaroni. Taarifa inasema mita 2,000 zimesafishwa, na mhandisi ana picha. Zilisafishwa kweli. Makalvati, yaani mabomba yanayopitisha maji chini ya barabara, nayo hayaamuliwi kwa kutazama mdomo tu: mtu ainame na tochi upande mmoja, mwenzake asimame upande wa pili, mwanga usipovuka, kuna kizibo ndani. Na ikiwa mtaro huo huo hujaa mifuko ya plastiki kila mwezi, dawa haiko mtaroni. Iko kwenye mtaa wa juu ambako gari la taka halifiki.

Somo letu la pili linagusa jambo ambalo halipigiwi makofi kamwe, nalo ni matengenezo. Mfalme Yehoashi aliwaagiza makuhani wapokee fedha na kutengeneza mabomoko ya nyumba ya Bwana. Ukafika mwaka wa 23 wa kutawala kwake, mabomoko yako vile vile. Biblia haisemi waliiba. Inasema kazi haikufanyika. Waliopokea ndio waliokuwa na matumizi mengine, ndio pia waliopaswa kutengeneza, na mtu akishika vyote vitatu, matengenezo hungoja. Tiba ikawa ya kiutendaji kabisa. Kuhani Yehoyada akatoboa tundu kwenye kifuniko cha kasha, akaliweka kando ya madhabahu. Fedha zikiwa nyingi, mwandishi wa mfalme na kuhani mkuu walizihesabu pamoja, zikafungwa mifukoni, zikapewa wasimamizi wa kazi, nao wakawalipa maseremala, waashi na wachonga mawe. Tena hazikutumika kufanya vikombe vya fedha wala tarumbeta. Tunaomba kila anayepanga bajeti ya mji alisome neno hilo taratibu. Vikombe si dhambi, ila fedha ya mabomoko haikuwa fedha ya vikombe.

Barabara inafundisha vivyo hivyo. Lami hufa kwa maji kuliko kwa magari. Ufa mwembamba hupitisha maji, tabaka la chini linalainika, magurudumu yanalibonyeza, lami inavunjika, shimo linazaliwa. Ufa unaozibwa mapema huhitaji lami ya kumimina na siku moja ya mafundi. Ukisubiri, utachimba tabaka zima. Vilevile kwenye mikataba: sehemu ya malipo ya mkandarasi huzuiwa hadi kipindi cha matazamio kiishe, kwa kawaida mwaka mmoja, ili kasoro zikijitokeza azirekebishe kwa gharama yake. Mji ukikagua wakati wa kiangazi, kila kitu ni kizuri, fedha inaachiwa, na masika yakija mji unalipia kasoro zisizo zake. Ukaguzi wa mwisho ufanywe baada ya mvua kubwa, kabla kipindi hakijaisha.

Kuhusu fedha tuseme kwa kifupi: kilichopangwa, kilichoingia na kilichotumika visimame kwenye mistari mitatu, na mstari wa nne uwe wa madeni ambayo kazi zake zimeshapokelewa. Mwenye kujenga mnara katika Luka 14 aliambiwa aketi kwanza na kuhesabu gharama. Mji unaoficha mstari wa nne unawarithisha wanaokuja deni.

Turudi kwa Nehemia. Sura yake ya tatu ni taarifa ya mradi. Inataja nani alijenga wapi: mfua dhahabu, mtengeneza manukato, Shalumu pamoja na binti zake. Inataja pia kwamba wakuu wa Watekoi, watu wa mji wa Tekoa, hawakutia shingo zao kazini. Na lango la jaa, palipotokea uchafu wa mji, lilijengwa na Malkiya, aliyekuwa mtawala wa wilaya. Hakutafutiwa lango lenye heshima zaidi. Katika taarifa nyingi tunazozifahamu, wanaozoa taka na kuingia mitaroni huonekana kama gharama ya mishahara tu, na watu waliopisha barabara huonekana kama eneo lililopatikana. Ingefaa idadi yao isomwe kwa sauti: waliohamishwa ni wangapi, waliolipwa fidia ni wangapi, na wanaongoja tangu lini.

Juma hili tuwaombee wanaosaini hesabu hizi, hasa walio na mkubwa anayetaka tarakimu nzuri zaidi. Nawe uliyekabidhiwa kalamu hiyo, kabla ya kusaini toka na watu wachache, bila kamera, siku mvua imenyesha. Gari likikosa nafasi ya kupita, shuka. Andika jina la mtaa huo, tarehe na kina cha maji, kisha rudi ukaangalie taarifa inasema nini juu ya mahali pale.