Nimefunga moshi

Ramadhani imeingia jana. Nimerudi kutoka tarawehe, nimekaa barazani kwetu Ngamiani na kikombe cha kahawa. Kimoja tu, na sababu nitaisema. Nataka niliandike upesi jambo la mwaka jana, maana nimeshalisimulia mara nyingi na naona limeanza kuota mbawa. Kila nikilirudia, nakuwa shujaa kuliko nilivyokuwa.

Nilivuta sigara miaka 26 na ushei. Nilianza mwishoni mwa 1997, wakati wa zile mvua za El Nino, nikiwa kijana wa miaka 19, kibarua bandarini. Enzi hizo meli kubwa hazikuweza kusogea gatini hapa Tanga, maji hayakuwa na kina. Zilitia nanga huko nje, mzigo ukashushwa kwenye matishari ndipo uvutwe kuja nchi kavu. Mvua ikinyesha, tumbo la meli hufungwa mzigo usilowe, nanyi mnabaki juu ya tishari mmejibanza chini ya turubai mnangoja. Mwaka ule tulingoja sana. Mzee mmoja wa genge letu akanipa kipisi chake: "Shika, upashe kifua moto." Nikakohoa mpaka machozi, wakacheka. Usiku wa tatu sikukohoa.

Baadaye nikapanda cheo, nikawa karani wa kuhesabu mizigo. Magunia, robota, makontena, kila kinachopita mbele yangu nakitia mstari. Sigara zangu mwenyewe sikuwahi kuzihesabu. Nilipokuja kufanya hivyo, nyuma ya karatasi ya kazi, kwa wastani wa 15 kwa siku, kwa miaka 26 tu, nilipata 142,350. Nikaandika tena kuhakikisha. Sigara moja ina uzito wa karibu gramu moja. Robota la mkonge ni kilo 250. Yaani nimevuta zaidi ya nusu ya robota. Na ghala la mkonge, kwa wasiojua, hata kiberiti mfukoni huingii nacho.

Kuacha nilishajaribu. Nimewahi kuacha kwa pipi, kwa karafuu, kwa kiapo mbele ya mama, kwa kumkabidhi mke wangu hela zote mfukoni. Rekodi yangu ilikuwa siku tisa. Hayo hayana haja ya kuelezwa, kila mvutaji anayo ya kwake.

Wenzangu mnaofunga mnaijua Ramadhani ya mvutaji. Siku mbili tatu za mwanzo kichwa kinagonga kama nyundo ya fundi bati, ulimi mchungu, mtu akikusalimu unaona anakuchokoza. Kisha mwili unatulia. Alfajiri mpaka magharibi, zaidi ya saa 13, hakuna sigara na dunia inazunguka vilevile. Kasheshe ni usiku. Mimi nilikuwa nafungulia tende moja na funda la maji, halafu huyoo nje. Uji wa pilipili manga unapoa, mihogo ya nazi inaganda juu, mimi nimeegemea ukuta wa jirani nalipiza za mchana. Mke wangu alishachoka kusema. Akishapakua, sahani yangu anaifunika kwa kawa, bila neno, wenzangu wanaendelea kula. Mpaka daku pakiti nzima imekwisha, na ile ya mwisho naivuta muadhini akiwa anasafisha koo kwenye kipaza sauti.

Nikizijumlisha siku hizo za mchana bila moshi, 30 au 29 kila mwaka, nilishaacha sigara karibu mara 800. Na bado ungeniuliza ningekujibu kwa uhakika kabisa: kuacha siwezi.

Sasa jambo lenyewe. Ilikuwa kumi la mwisho la Ramadhani ya 2024. Mvua ile ya Aprili mnaikumbuka. Nilikuwa ndani ya ghala tunahesabu magunia yaliyochanganywa, kazi ya kukera, kila tukifika mwisho hesabu inakataa. Giza la mvua lilikuwa limeingia tangu alasiri kwa hiyo taa ziliwashwa mapema, simu yangu ilikuwa imezima chaji, na mvua juu ya bati ilikuwa inapiga kiasi kwamba mtu wa pembeni yako unamsikia kwa kumtazama mdomo. Adhana ungeisikilia wapi? Kichwani mwangu ilikuwa saa kumi na moja hivi. Nilikuwa nimetulia tuli. Njaa kidogo, basi.

Mlinzi akaingia amejitanda nailoni, ana tende kwenye mfuko. Akanitazama. "Karani, hujafuturu? Saa moja kasoro dakika tano hii."

Magharibi ilikuwa imepita dakika ishirini na ushei. Na hapo, kabla sijaipokea hata hiyo tende, uchu ukanivaa. Arosto, kama wanavyoita vijana. Mate yakajaa mdomoni, vidole vikaanza kucheza, mkono wangu wa kulia, Mungu shahidi, ulikuwa umeshafika kwenye mfuko wa shati.

Nikausimamisha mkono pale pale. Dakika moja nyuma sikuwa na haja ya sigara. Damu yangu haikubadilika ndani ya dakika moja. Kilichobadilika ni kwamba nimeambiwa saa.

Sikuacha usiku ule, nisidanganye. Nilivuta, tena mbili mfululizo, chini ya paa la ghala la jirani. Lakini nilizivuta nikijitazama kama ninavyomtazama dereva anayenidanganya idadi ya magunia.

Mpwa wangu wa kike ni muuguzi. Nilipomweleza hakushangaa. Akanionyesha kwenye simu habari za utafiti uliotolewa 2010 na wataalamu wa Chuo Kikuu cha Tel Aviv. Waliwachukua wahudumu wa ndege wanaovuta sigara, wakapima uchu wao kwenye safari fupi na kwenye safari ndefu. Mtu wa safari fupi ndege inapokaribia kutua alikuwa na hali mbaya kuliko mtu aliyekaa muda uleule bila sigara lakini bado ana saa nyingi angani. Uchu wao ulikuwa unahesabu muda uliobaki kutua. "Sasa wewe, Mjomba," akasema, "kutua kwako ni adhana."

Akaniongezea kwamba nikotini mwilini hupungua nusu kila baada ya saa mbili hivi. Kwa hiyo ikifika alasiri ya mfungo mimi nilikuwa karibu mtupu, na alasiri ndiyo ilikuwa saa yangu ya utulivu. Ila alinionya nisije nikajidai. Nikotini inashika kweli, mwili unaidai kweli, na zipo bazoka na plasta zenye nikotini kidogo za kumsaidia mtu ashuke polepole. Asiyeweza bila hizo asione haya. Mimi sikuzitumia. Si kwa ushujaa, nilikuwa tu nimeshapata wazo langu nikalishupalia.

Wazo lenyewe hili. Saumu yangu ya kila siku ilikuwa inasimama juu ya nia. Usiku nanuia kuwa kesho nafunga, basi, mchana wote mlango umefungwa na mwili unajua umefungwa, haubishi hodi. Sigara nilikuwa nimejaribu kuiacha milele. Milele sijawahi kuinuia maishani mwangu. Kesho nimeinuia mara 800.

Usiku wa kuamkia Idi, watoto wanapiga kelele za mwezi, mimi nimekaa kitandani nikanuia: kesho nafunga moshi. Chakula nitakula, soda nitakunywa, moshi nimefunga. Nilimweleza ustadhi mmoja jirani yetu, akacheka akasema, "Hiyo si saumu, bwana, hiyo ni azma. Usije ukawachanganya watu." Sawa, azma. Lakini neno langu lilikuwa kufunga, nikabaki nalo.

Sisi watu wa pwani miezi tunaihesabu kuanzia hapo: Mfunguo Mosi, Mfunguo Pili, Mfunguo Tatu. Watu wanafungua, mimi ndiyo kwanza naanza.

Siku ya Idi ilipita kwa pilau na wageni. Ya pili na ya tatu nilikuwa si mtu wa kukaa naye. Niligombana na mwenye duka kwa shilingi mia, niligombana na baiskeli. Mke wangu, ambaye kwa miaka yote alichoma udi nyumba nzima kuufukuza moshi wangu, jioni ya tatu akaniambia, "Mume wangu, kama ndiyo hivi, bora uvute." Nadhani hakuwa anatania.

Halafu kikohozi kikazidi badala ya kupungua, makohozi meusi kama masizi. Mpwa wangu akanieleza kwamba njia za hewa zina vinyweleo vidogo vidogo vinavyosukuma uchafu juu, moshi huvilaza, na sasa vinaamka na kufagia. Kufagia huko kulichukua wiki kadhaa. Kwa mtu asiyeambiwa, hapo ndipo angesema kuacha sigara kumemletea ugonjwa.

Na kahawa, ahadi yangu ya juu pale. Mimi ni mtu wa vikombe sita, saba, kila jioni barazani, na kashata yangu. Baada ya Idi nikaanza kutetemeka mikono, moyo unakimbia, usiku macho makavu mpaka alfajiri. Nikasema ndiyo hiyo arosto. "Mjomba, kahawa unakunywa ngapi?" Kumbe moshi wa sigara hulifanya ini livunje kafeini kwa haraka. Ukiacha kuvuta, ini linarudi mwendo wake, na vikombe vilevile sita vinakaa mwilini muda mrefu zaidi. Nilikuwa nimelewa kahawa. Nikashuka hadi viwili, siku hizi mara nyingi kimoja, na usingizi ukarudi. Huwa najiuliza ni wangapi wamerudia sigara kwa kosa la dele la kahawa.

Pua nayo ilirudi. Watu hukuambia utasikia tena harufu ya asmini. Mimi cha kwanza kukisikia ni mtaro. Kisha samaki wa soko la Deep Sea, nilivyopita na baiskeli saa nane mchana, jua kali. Kisha koti langu la kazini, ambalo nililiweka puani nikaelewa mke wangu alivumilia nini. Asmini ilikuja baadaye, wala haikuwa kubwa kama wanavyosema.

Barazani ndiko kulikokuwa na vituko. Mtu akinipa sigara nasema, "Nimefunga." Mfunguo Mosi walielewa, wakadhani nafunga sita. Mfunguo Pili wakadhani ni Jumatatu na Alhamisi. Siku moja mmoja akanikuta nimeshika kikombe na kashata mdomoni nasema nimefunga. "Shehe, saumu gani hii?" Nikamwambia nimefunga moshi. Jina likanikaa, mpaka leo naitwa Shehe Moshi, na kuna wageni wanaodhani natoka Kilimanjaro.

Mfunguo Tatu nilikula mchana. Tulikuwa msibani, tunakesha nje chini ya turubai, mvua inanyunyiza. Turubai, mvua, usiku, wanaume wamejikunyata. Sigara ikaja mkono kwa mkono kutoka kushoto, nami nikaipokea kama ninavyopokea kikombe, nikavuta. Kichwa kikazunguka, miguu ikaniisha nguvu, jasho. Mwili ulikuwa umeshaizoea dunia nyingine. Nikaimaliza hata hivyo, maana nilikuwa nimeshaianza, akili ya mvutaji ndivyo ilivyo.

Asubuhi nilitarajia nijione nimeharibu yote, kama nilivyojiona kila mara zamani. Mara ile ya siku tisa iliisha kwa sigara moja tu, na jioni yake nikanunua pakiti. Lakini safari hii nilikuwa na utaratibu mwingine kichwani. Aliyekula siku moja ya Ramadhani haambiwi kwamba Ramadhani yote imekwenda na maji. Anadaiwa siku moja, atailipa. Nikaandika kwenye daftari: deni, siku moja. Usiku nikanuia kama kawaida. Nilivyoilipa ni kwamba niliongeza siku moja kwenye mwaka wangu. Mwaka wa watu utaisha Idi, wangu utaisha kesho yake.

Pumzi ndiyo nisiyoweza kuipa hesabu. Kijimwinuko cha kwenda Bombo nilikuwa nashuka nasukuma baiskeli, nikijidanganya kuwa ni mnyororo. Mwezi wa tisa hivi nilijikuta juu, naitazama bahari, nikakumbuka kuwa sikushuka.

Jana magharibi, adhana ilipotoka msikitini, nikala tende, nikanywa maji. Mke wangu alikuwa ameshapakua. Mkono wake, kwa mazoea ya miaka yote hiyo, ukachukua kawa ukaifunika sahani yangu. Kisha akageuka kuwapa watoto uji, akanikuta bado nimekaa mkekani, miguu nimeikunja. Akanitazama kidogo. Akaifunua.