Kitanda cha Madame Fanny: wiki ya sita, taa zimewaka

Jana usiku, saa tano kasorobo, vifundo vya kitanda vimewaka kwa mara ya kwanza bila kuniunguza kidole. Kwa hiyo leo nina la kuandika.

Kwa aliyechelewa kufika: natengeneza chumba cha Madame Fanny, yule bibi kizee mkorofi wa 'Allo 'Allo!, kwa kipimo cha moja kwa kumi na mbili. Ni vichekesho vya BBC vilivyoanza Desemba 1982 na kumalizika Desemba 1992, vipindi 85 kwa jumla, na kisa chenyewe kiko Nouvion, Ufaransa, wakati Wajerumani wameikalia nchi. Ningeweza kutengeneza mkahawa wa René, mhusika mkuu, ulioko chini, wenye kaunta na piano, lakini moyo wangu uko orofani.

Huko amelala Fanny, mama mkwe wa René, aliyemzaa mkewe Edith, analalamika kwamba ametupwa kama mzigo na hakuna anayemsikia. Chini ya kitanda chake imefichwa redio ya kuzungumza na London. London ikiita, vifundo vya kitanda vinawaka na kuzima, bibi anapayuka, na René anapanda ngazi mbio kwenda kujibu kwa jina lake la siri, Nighthawk. Marubani wawili wa Kiingereza nao walifichwa chumbani humo humo. Mimi naona ukali wa bibi ndio kufuli la chumba. Askari gani atajipeleka mwenyewe kupekua chini ya kitanda cha mwenye mdomo ule?

Kisha kuna hili, ambalo ndilo lililonifanya nianze kazi hii. Aliyemwigiza ni Rose Hill, mzaliwa wa 1914, ambaye zamani alikuwa mwimbaji wa opera pale Sadler's Wells, London. Edith, bintiye, ni Carmen Silvera, mzaliwa wa 1922. Mama kampita binti miaka minane tu! Na katika mchezo anayeimba ni Edith, anaimba vibaya mpaka wateja wanaziba masikio kwa jibini, huku mwenye sauti ya kusomea kalazwa juu na kofia ya kulalia, kazi yake kupayuka. Tangu nijue hayo, kila akiita namsikia mwimbaji. Sauti inatoka tumboni na ingefika barabarani bila kipaza sauti.

Basi, kazi. Wiki tatu za kwanza hazina hadithi: kuta za mbao laini, sakafu ya vijiti vya aiskrimu vilivyopakwa chai ya rangi ili vionekane vikuukuu. Kitanda nimekikunja kutoka kwenye spoki za baiskeli, sentimita 16 kichwani hadi miguuni. Shuka ni kipande cha marekani, nimekifua mara nne ndipo kikaacha kusimama kama ubao.

Wiki ya nne nilimtengeneza bibi, na hapo nilikwama. Uso wa kwanza ulitoka mzuri kupita kiasi. Mama alikuja na miwani yake, akamgeuza huku na huku.

"Huyu mbona amekaa kama anasubiri chai?"

"Ni mkorofi, mama. Anagombana na kila mtu."

"Mwanangu, huyu hajagombana hata na kuku."

Nikamvunja. Kosa langu lilikuwa kukunja nyusi, nikidhani ukali uko huko. Uko kidevuni. Nilipokisukuma kidevu mbele kidogo, karibu upana wa punje ya mchele, na kumwacha mdomo wazi, akawa mtu ambaye tayari amekukatiza. Shingo nayo nimeitoa kwenye mto; mgonjwa wa kweli huegemea, huyu ameinuka nusu ili asikike vizuri.

Taa sasa. Vifundo ni shanga nne nyeupe za plastiki, kila moja imetobolewa chini na kuingizwa taa ndogo ya LED. Waya zinashuka kandokando ya spoki. Cha kuwasha na kuzima ni ile IC ya 555, chipu ndogo ya kupima muda, ambayo kila fundi redio anayo kwenye kopo, pamoja na kapasita ya mikrofaradi 10 na rezista mbili, kiloomu 1 na kiloomu 68. Taa ziliwaka na kuzima mara moja kwa sekunde, sawasawa kabisa, na chumba kizima kikaonekana kama duka la simu mwezi wa Desemba. Nilisikitika kweli. Fundi jirani alicheka, akanipa rezista ya kiloomu 33 badala ya ile ya 68. "Kaka, hii itakuwa na haraka." Ni kweli: zinawaka na kuzima mara mbili kwa sekunde, na ghafla kuna London inayongoja jibu. Nimefunga pia swichi ya kubonyeza, maana taa zisizokoma hazichekeshi. Bibi lazima kwanza awe katikati ya malalamiko yake.

Shanga moja, ya mguuni kushoto, bado inafifia. Nashuku lehemu yangu.

Kitu kimoja kimenijia bila kukitafuta. Sikuwa na mahali pa kuficha betri ya volti 9, nikailaza chini ya kitanda kwa muda tu. Nikaipima: urefu wake ni karibu milimita 48, ambazo kwa kipimo changu ni sentimita 58. Hilo ni sanduku la safari. Basi redio ninayo tayari. Nimeivika karatasi ya kahawia, nimeitia mshikio wa uzi na vitufe viwili vya rangi nyeusi. Ikiisha chaji itabidi nimwinue bibi kitandani, na mkono wake wa kulia haujakauka gundi.