Mvua ya Machi ilivyonifundisha kusubiri

Ploti ninayolima huku Kiamunyi, Nakuru, si yangu. Ni futi hamsini kwa mia, mwenyewe bado anatafuta pesa za kujenga, na tulikubaliana kwamba kodi yangu ni kuiweka safi, isigeuke kichaka wala jalala. Basi kila Februari, vumbi likiwa linaingia hadi kwenye sufuria, mimi huanza kuwaza sukuma wiki.

Mwaka wa kwanza niliharibu. Katikati ya Machi mvua kubwa ilipiga usiku mmoja, na kulipokucha nilikuwa nishanunua miche mia mbili kando ya barabara. Mashimo nilikuwa nimeyajaza samadi ya kuku, mbichi, ile inayochoma pua. Mvua ikakata wiki mbili nzima. Miche ambayo jua liliiacha iliunguzwa mizizi na samadi.

Mwaka huu mvua ya kwanza ilinikuta nimeshika jembe tena. Shosho anayelima ploti ya pili aliniona, akaja hadi kwenye ua.

"Wewe kijana, unapanda?"

"Ndiyo, shosho. Si imenyesha?"

"Chimba kwanza."

Nikapiga jembe moja. Juu udongo ulikuwa mweusi, umelowa vizuri. Kina cha kiganja tu, unga mkavu wa kijivu. Udongo wetu huu wa majivu ya volkano ni mwepesi, unanywa maji upesi na kukauka upesi.

"Hiyo ni ya kutuliza vumbi," akasema, akaenda zake.

Nikasubiri. Bahati nzuri safari hii nilikuwa na kitalu changu, mita moja kwa mbili chini ya mwembe wa jirani, nilichosia wiki ya kwanza ya Machi na kukifunika nyasi kavu. Miche ya kitalu haikuharakishi kama ile uliyonunua, inayonyauka kwenye gunia huku ukiitazama. Samadi nayo nilikuwa nimeirundika tangu Desemba, nikiigeuza na kuimwagia maji kidogo, hadi ikawa haina harufu.

Wiki ya pili ya Aprili mvua ilinyesha siku nne mfululizo. Nikachimba: unyevu umeshuka hadi mwisho wa jembe. Nilipanda jioni, jua likiwa limepoa, mstari hadi mstari sentimita 60, mche hadi mche 45. Wiki moja kabla nilikuwa nimeipunguzia miche maji ili ikomae, na siku ya kuing'oa nikakimwagilia kitalu vizuri ili kila mche utoke na udongo wake.

Asubuhi ya tatu nilikuta miche sita imelala, imekatwa chini kabisa kama kwa wembe. Ukifukua udongo kando ya mche uliokatwa unampata mwenyewe: funza mnene wa kijivu, amejikunja. Nilikusanya pakiti za maziwa, nikazikata juu na chini, nikauvisha kila mche pete yake na kuididimiza kidogo ardhini. Majirani walicheka sana, eti nimejenga mji wa pakiti. Hakuna mche mwingine uliokatwa.

Managu, yaani mnavu, sikuhangaika nayo. Mbegu zake ni ndogo mno, kwa hiyo unazichanganya na majivu ndipo unamwaga kwenye mfereji usio na kina, vinginevyo zote zitaota mahali pamoja. Ikianza kutoa maua unayachuma, majani yanaendelea.

Mwisho wa Mei tulianza kuchuma sukuma, majani ya chini kwanza. Juma lililofuata mwenye ploti alipita na mtu wa kupima. Nikampa fungu la managu, akashukuru, akaniambia msingi utachimbwa baada ya Agosti.

Sasa natafuta magunia. Shosho ameniahidi matano, na kitalu cha mvua za vuli nitakisia humo humo, niweze kukibeba.