Dar–Mwanza saa moja na nusu, ya nani hiyo?

Wiki iliyopita mama kanipigia kutoka Igoma, Mwanza, "mwanangu unafika saa ngapi nisonge ugali?" Nikajibu kwa kujiamini kabisa, ndege inaondoka saa 4 asubuhi, ni saa moja na nusu tu mama, saa 6 mchana nipo mezani. Nimeingia getini saa 10 jioni kasoro dakika tano, sato kapoa, mama kanuna.

Sasa ngoja niwaambie hii safari ilivyo. Ukiuliza mtandaoni Dar hadi Mwanza ni kilomita ngapi, huku unaambiwa 850 hivi, kule 1,100 na ushee, na wote wako sahihi. Ile 850 ni mstari ulionyooka wa angani, hiyo nyingine ni lami, Morogoro, Dodoma, Singida, Nzega, Shinyanga ndo unaikuta Mwanza, na basi likitoka pale stendi ya Magufuli alfajiri jiandae kama saa 16 mambo yakienda vizuri. Magoti utayasikia.

Halafu kuna ndege na ndege. Za jeti zinakimbia zaidi ya kilomita 800 kwa saa, pangaboi, zile za propela, kwenye 660 hivi, kwahiyo hata kabla hujachelewa popote, kuna dakika kama kumi na tano unazipoteza au kuziokoa kutegemea umepangiwa ipi. Mimi nilipangiwa pangaboi, sina ugomvi nayo, inaruka chini kidogo unaona mashamba vizuri.

Haya, siku yenyewe. Bunju nimetoka saa 12 asubuhi. Tegeta foleni, Mwenge foleni, Ubungo usiseme, Buguruni, Tazara, airport saa 2 na nusu. Masaa mawili na nusu na bado niko Dar! Kukaa kidogo tangazo, ndege imechelewa kwa sababu za kiufundi, tuwe wavumilivu. Tukavumilia mpaka saa 6 na dakika 40. Jirani yangu mzee mmoja alikuwa na nazi nne kwenye mfuko wa rambo, kila tangazo likitoka anazihesabu upya utadhani kuna moja nayo imeahirishwa.

Angani dakika 100, korosho na juisi, mara mawe ya Mwanza haya hapa, yamepandana juu ya mengine kama mtu kayapanga, na ziwa linang'aa. Hapo nikasamehe kila kitu. Kisha nikasubiri begi nusu saa msamaha ukaisha. Airport ya Mwanza iko nje ya mji na Igoma iko upande mwingine kabisa, kwahiyo taksi ipite mjini, Mabatini, Nyakato, karibu saa nzima.

Jumla mlango kwa mlango masaa kumi, angani hata mawili hayafiki. Bado ndege inalishinda basi, sikatai, ila siku hizi nakamata ile ya kwanza ya asubuhi nikiweza, maana ndege moja inapiga ruti kadhaa kwa siku na ikichelewa ya kwanza zote za nyuma zinabeba deni.

Mama kawapasha wale sato mara ya tatu. Akaniuliza narudi lini, nikamwambia Jumapili saa 8 mchana. Akasema sawa, basi chakula cha usiku nakuwekea.