Dadangu anatafuta gari kule Leeds

Dadangu yuko Leeds na siku hizi akinipigia huku Kisumu ni stori za gari tu, anataka Yaris ya bei poa ya kumpeleka shifti za usiku. Mimi ni fundi, nikamwambia sista wacha kuangalia rangi, chukua namba pleti uingize kwa mtandao wa serikali ya Uingereza, historia ya MOT, ule ukaguzi wa gari wa kila mwaka, iko hapo bure, na ukiona mileji imeshuka mwaka mmoja hadi mwingine, achana nayo kabisa. Pia gusa boneti kabla gari haijawashwa, ikiwa moto uliza kwa nini. Jana alinitumia video, injini inanguruma safi lakini chini kutu imekula vibaya sana, si kule wakati wa baridi wanamwaga chumvi barabarani. Nimemwambia aendelee kutafuta.